Kadi ya Elias na Mpunga wa Baba

Kwetu ni bondeni, ukiiacha barabara ya Kisesa. Juu tunalima pamba, chini tunalima mpunga. Mvua ikishajaza majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, hakuna mtu wa kukaa bure. Asubuhi mama anachemsha uji. Baba anatafuta jembe lake, nalo liko palepale alipoliweka jana. Mimi nakwenda kuangalia kitalu.

Kitaluni ndiko miche ya mpunga inakokua kwanza. Ikifika shibiri, tunaing'oa na kuipandikiza kwenye majaruba. Ikichelewa inazeeka, na miche iliyozeeka haizai vizuri.

Kazi hiyo haifanywi na nyumba moja. Tuna kikundi. Leo tunapandikiza kwa Paskazia, kesho kwa Ngosha, siku nyingine kwetu. Tunainama kwa mstari, tunaimba, tunataniana. Kiongozi wetu ni Mzee Machibya.

Mwaka huo zamu yetu ilifika, lakini watu hawakuja.

Mama alikuwa amepika makande ya kikundi kizima. Jua likapanda. Makande yakapoa. Baba akatoka kwenda kuuliza, akarudi uso umekunjamana.

"Elias! Toka nje!"

Elias ni kaka yangu, mtu mzima wa miaka ishirini na minne. Alitoka na mswaki mdomoni.

"Umefunga nini kwenye baiskeli yako?" baba aliuliza.

"Kibendera cha chama, baba."

"Chama gani? Chetu kina rangi hiyo?"

"Hapana. Nimejiunga na kile chama kidogo cha mama Kokulinda wa Kisesa. Wanatetea haki ya kila mtu na uhuru ulioandikwa kwenye katiba. Nilimsikia siku ya gulio. Alisema mtu asikamatwe bila kuambiwa kosa lake, na aseme anachofikiri bila kuogopa. Nikaona ni kweli."

"Chama chenyewe kina watu wangapi?"

"Kata nzima tuko kumi na mmoja."

"Timu ya mpira! Tena haina hata mchezaji wa akiba!"

Mama alitaka kucheka, akajizuia. Baba hakuwa anatania. Alisema Machibya ametangaza kuwa nyumba yetu, nyumba ya Maige, imehama chama, kwa hiyo imehama na kikundi. Tena ameweka adhabu. Atakayeingia kwenye majaruba yetu atatoa mbuzi.

"Nyumba haijahama, baba," Elias alisema. "Nimejiunga mimi peke yangu."

"Nyumba ni moja na baba ni mmoja! Lete hiyo kadi. Nairudisha mwenyewe, halafu nampelekea Machibya kondoo wa kuomba radhi."

Elias aliitoa bila ubishi. Hakuwa amekubali. Nilimwona akitazama kitalu. Ncha za miche zilikuwa zimeanza kuwa njano.

Baba alinichukua, tukaenda Kisesa. Mama Kokulinda ni mwenyeji wa Kagera. Ana duka la vitenge, na ndiye katibu wa chama chake katika kata.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayevunja nyumba za watu?"

"Karibu ukae kwanza. Kama kuna iliyovunjika, tutaitengeneza."

Baba aliweka kadi juu ya vitenge. Mama Kokulinda hakuigusa.

"Elias yuko wapi?"

"Yuko shamba."

"Akitaka kutoka, aje aseme mwenyewe. Atatoka leoleo, na hatutamuuliza sababu. Kujiunga ni hiari na kutoka ni hiari. Lakini kadi ni ya Elias, baba. Si yangu. Na uniwie radhi, si yako pia."

"Mimi ndiye niliyemzaa!"

"Ndiyo, na heshima yako iko palepale. Akuamkie, akulimie, akusikilize. Ila chama, mtu mzima anachagua mwenyewe, kama anavyochagua mke."

"Hata mke nilimtafutia," baba alisema. "Akamkataa!"

Mama Kokulinda alicheka sana. Baba naye alicheka kidogo, kisha akakumbuka kuwa amekasirika. Nikamweleza mama Kokulinda habari ya kikundi na ya miche. Hapo aliacha kucheka.

"Sikilizeni," alisema. "Katiba ya nchi yetu inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni yake. Inatoa uhuru wa kukutana na wenzako kwa amani, na wa kujiunga na chama unachotaka. Na ni marufuku kumlazimisha mtu kujiunga na chama. Haisemi kila nyumba. Inasema kila mtu."

"Vizuri," baba alisema. "Basi njoo na katiba yako umwamuru Machibya apandikize mpunga wangu."

"Hilo siwezi. Machibya naye ana uhuru wake. Hakuna wa kumlazimisha aje kwako."

"Sasa inanisaidia nini?"

"Hawezi kuwalazimisha wengine wasije. Ile adhabu ya mbuzi ndiyo kosa. Faini inatozwa kwa sheria, haitozwi kwa hasira."

Nilikuwa nafikiria kitalu tu. Nikasema, "Mama, kwa nini usiwalete wale wanachama wako? Tutamaliza mapema."

Alinitazama kwa upole. "Wakija na fulana zao za chama, mpunga utapandwa, lakini na ugomvi utapandwa. Sisi tutaondoka. Nyinyi mtabaki na majirani zenu. Kwanza twendeni kwa mtendaji wa kijiji. Malalamiko yenu yanaanzia kwake."

Baba aliirudisha kadi mfukoni, tukaenda. Mtendaji, bwana Alexander, alitusikiliza. Kesho yake aliwaita wanakikundi wote ofisini. Mama Kokulinda alikuja pia, amevaa kitenge chake cha kawaida.

"Mzee Machibya," mtendaji alisema, "kikundi hiki ni cha kilimo au cha siasa?"

"Cha kilimo."

"Na hiyo adhabu ya mbuzi mliipitisha katika mkutano gani?"

Machibya alikohoa. "Niliisema mimi."

"Basi haipo. Hakuna sheria hapa kijijini inayomtoza mtu mbuzi kwa sababu ya chama cha jirani yake. Mtu yeyote asidaiwe."

Machibya alisimama. Ni mtu wa kelele, lakini si mbaya. Alimzika babu yangu kwa mikono yake. "Sawa! Lakini mimi kwa Maige sikanyagi!"

"Ni haki yako, baba," mama Kokulinda alisema.

Machibya alikuwa amejiandaa kubishana. "Yaani unakubali?"

"Nakubali. Na mtu akija kukulazimisha, nitakutetea na wewe."

Watu walicheka. Machibya alikaa chini polepole.

"Ila wenzako nao waamue," mama Kokulinda aliongeza. "Kila mtu kwa nafsi yake."

Hakuna aliyeahidi kitu. Watu walitawanyika. Tulirudi nyumbani hatujui kama kuna atakayekuja.

Kulipokucha, mimi na Elias tulikuwa kitaluni tunang'oa miche. Nikaona mtu anashuka bondeni, amejifunga khanga kiunoni. Alikuwa mama Suzana, mke wa Machibya!

"Shikamoo, mama," nilisema. "Mzee anajua umekuja huku?"

"Marahaba. Anajua. Nimemwambia mikono hii ni yangu."

"Akasemaje?"

"Akasema nisichelewe kurudi kumpikia." Aliingia majini. "Haya, lete miche. Au mnangoja ipigiwe kura?"

Baadaye alikuja Paskazia. Kisha Ngosha na mkewe. Hawakuwa wengi kama zamani. Kazi ya siku moja tuliifanya kwa siku tatu. Machibya hakuja, na wengine wawili hawakuja. Lakini miche yote iliingia ardhini kabla haijazeeka. Mama aliwapikia makande mapya, na yalikwisha.

Siku ya mwisho baba alimwita Elias kwenye tuta. Akatoa kadi kwenye mfuko wa shati.

"Chukua. Na usiilowanishe."

Sasa nyumbani kwetu baba ana chama chake, Elias ana chake, mama hana chama, nami bado nasikiliza. Tunakula sahani moja. Wakianza kubishana, mama huwaambia wapunguze sauti, kuku wanataka kulala.

Mpunga ulizaa vizuri. Tulipokoboa, baba alisema gunia la kwanza lisiguswe kabla hatujatoa shukrani. Mama alipima debe moja, tukalipeleka Kisesa.

"Nyinyi Wahaya mmezoea ndizi," baba alisema. "Huu mchele wetu mtauweza?"

"Tutajitahidi, baba. Asanteni sana."

"Sisi ndio tunaoshukuru. Ungeweza kututumia tugombane na majirani kwa ajili yako, lakini hukufanya hivyo." Baba alivua kofia yake ya chama, akaifuta vumbi, akaivaa tena. "Lakini nisikufiche, mama. Sihami chama changu."

"Nani amekuambia uhame?"

Baba alifikiri kidogo.

"Basi siku wakija kukukataza wewe kusema gulioni, niite," alisema. "Nitakuja na kofia yangu hiihii, nisimame karibu yako mpaka umalize."