Upande wa Kushoto wa Picha

Maiti ya Vagheni ilipatikana Jumapili asubuhi katika shamba la kakao nyuma ya Mulekera, mjini Beni. Alilala chali, kisogo kimepasukia kwenye jiwe. Jumamosi alikuwa amepiga picha za arusi karibu na hapo. Mkoba wake wa kamera haukuwapo.

Watu walisema ni watu wenye silaha. Kahongya, mpelelezi wa polisi, alipapasa mifuko ya marehemu akakuta simu na pesa.

“Bale benye silaha habaachake simu,” alisema.

Mchana vijana wa mtaa walimkamata Sadrack, dereva wa pikipiki mkazi wa Mulekera, aliyemleta Vagheni kutoka Butembo. Koti lake lilikuwa na damu. Walichoma pikipiki yake, na yeye angefuata kama Kahongya hangewahi kumfungia kituoni.

“Damu ya nani?”

“Ya Vagheni, chef. Asubuhi nilikuja kumutafuta, tulipatana nimurudishe Butembo. Nikamukuta chini. Nikamuinua, kumbe eko baridi. Nikakimbia.”

“Mbona hukuita batu?”

“Hapa mutu anayeona maiti wa kwanza njo banaita muuaji. Weye mwenyewe unaona niko ndani ya nini.”

Kaswera, mjane wa Vagheni, alifika kutoka Butembo kuchukua mwili. Alipoliona lile koti, alilia mbele ya umati: “Ni yeye!” Tangu hapo hakuna aliyetaka kusikia jingine.

“Ndani ya mukoba kulikuwa nini?” Kahongya alimuuliza.

“Appareil na objectif yake,” alisema, akiviringisha vidole kuonyesha lenzi, “ile ya bei ndogo inakujaka nayo ndani ya carton. Mwaka jana ilianguka kwenye mawe kule Mutwanga, haikupona muzuri.”

“Ziko mingi sawa vile?”

“Kila mupiga-photo eko nayo.”

Kahongya aliandika, bila matumaini.

Vagheni alizikwa Butembo. Picha za mazishi zilipigwa bure na Malachie, mpiga picha mwenzake tangu ujana wao. Alilia akipiga. Siku chache baadaye alizileta kwa Kaswera.

“Pole, mama. Nilitaka ubakie na kitu.”

Kaswera alibaki nazo mapajani. Jeneza lilikuwa katikati. Kulia, shanga za rozari ya katekista zilihesabika moja moja. Kushoto, penye kichwa cha jeneza, mama mzazi wa Vagheni alionekana kama mtu aliye nyuma ya mvuke wa sufuria. Alichukua picha nyingine: kulia safi, kushoto ukungu. Nyingine tena, vilevile.

Ukungu huo aliufahamu. Tangu Mutwanga, Vagheni alipanga watu wote kulia na kuachia upande wa kushoto ukuta au migomba. Wateja walidhani ni mtindo wake. Kumbe alikuwa anaficha kilema cha lenzi yake.

Kesho yake alikuwa Beni, mbele ya meza ya Kahongya.

“Juma hii banamupeleka Sadrack gerezani,” Kahongya alisema. “Ukikosea tena, mama, sitakuwa na njia ya kumutoa.”

“Basi twende uone kwa macho yako.”

Waliingia studio ya Malachie, hapo hapo Beni, saa nne asubuhi. Kahongya alitundika ukutani kitenge chenye madoa madogo, akaomba kamera, akapiga. Madoa ya kushoto yalifutika.

“Objectif za bei ndogo njo ziko vile, chef,” Malachie alisema akicheka kidogo. “Pembe zake mubaya.”

“Pembe za kuume ziko muzuri.”

Kahongya aligeuza kamera juu chini, akapiga tena. Sasa yalifutika madoa ya upande wa pili wa kitenge. Kosa halikuwa la kitenge wala la mwanga. Lilikuwa ndani ya lenzi.

“Ulitosha wapi hii? Nani alikupa?”

“Vagheni mwenyewe alinipa. Juma moja mbele ya ile arusi.”

Kaswera alifungua simu yake. “Jumamosi saa kumi alinitumia hii, ilitoka ndani ya appareil yake.”

Bibi arusi na ndugu zake walisimama kulia, kope zao zikionekana. Kushoto migomba ilikuwa imeyeyuka.

“Alikuwa nayo bado,” Kahongya alisema. “Jioni ile ulikuwa wapi, Malachie?”

Malachie aliketi juu ya kiti cha wateja.

“Kazi ya arusi ile ilikuwa yangu. Objectif yangu ikakwama, bakanifukuza mbele ya wageni, bakamuita yeye. Nikamungojea njiani, kule kwenye kakao. Niliomba anikopeshe tu, juma ingine nilikuwa na kazi ya komunyo kanisani. Akacheka: ‘Hata nikikupa, utaweka batu kushoto.’ Nikafikiri ananidharau. Nikamusukuma.” Alifunika uso. “Appareil nilitupa ndani ya choo. Objectif nikabakisha. Zote zinafanana, nani angejua?”

“Alikuwa anakufundisha namna ya kuitumia,” Kaswera alisema. “Na weye ukamuweka mama yake kushoto.”

Sadrack alitolewa kituoni mchana, amekonda, hana mkanda wala viatu. Kaswera alikuwa anamngoja mlangoni.

“Miye njo nilisema ni weye.”

“Nilisikia, mama.”

Sadrack alishika suruali isimdondoke. Aliitazama njia ya Mulekera bila kuinua mguu. Kaswera alielewa anaogopa nini. Akasimamisha pikipiki, akapanda, akamwonyesha nafasi nyuma yake.

Dereva aligeuka. “Mama, huyu si ule muuaji?”

“Huyu ni shemeki yangu, mutu wa kwetu,” Kaswera alisema. “Tupeleke kwake. Pita katikati ya mutaa, polepole, batuone.”