Theluji Iliyoyeyuka Agosti

— Roy, mbona kekee imetoka na udongo?

Darlene LaBounty, msimamizi wa mashindano, alikuwa juu ya rundo la theluji waliyoifunika kwa maranda tangu Machi iliyopita isiyeyuke. Ndiyo akiba ya kijiji. Siku nane tu zilibaki wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka nchi arobaini wafike kushindana kuteleza thelujini kwa ski, na mvua ya Januari ilikuwa imeosha theluji ya njia yote. Kekee, chuma cha kutoboa na kupimia kina, ilitakiwa izame mita tano. Ilizama mbili.

Roy Tefft, mkuu wa njia na mchumba wake, akainamisha kichwa.

— Hapo pembeni pamepungua kidogo.

— Pembeni? Tuko katikati, bwana wewe! Oktoba uliniambia mita tano. Nikaweka sahihi yangu, nikawapelekea wakaguzi. Ulijua lini?

Roy akavua glovu. Akaivaa tena.

— Agosti. Mvua ilisomba maranda, jua likapiga siku sita. Nilikuwa ziwani navua.

— Na kila nikikuuliza, unasema "lala usingizi, mama."

— Nilitaka ulale.

— Ulitaka usigombezwe!

Mwanamume akiogopa kugombezwa hudanganya kwa sauti ya upole. Darlene akatoa simu.

— Usimpigie mkaguzi, Darlene, nakuomba. Watahamisha mashindano. Ijumaa baridi itarudi, mashine zitatengeneza theluji.

— Na isiporudi?

Darlene akapiga.

— Bwana Lindqvist? Hesabu niliyokupa si kweli. Theluji yetu haifiki nusu ya njia.

— Nani alipima? sauti ikauliza.

Darlene akamtazama Roy. Walikuwa wamependana miaka sita. Roy akanyoosha mkono, akaichukua simu.

— Mimi, bwana. Nilijua tangu Agosti. Yeye kajua sasa hivi.

Mashindano hayakuhamishwa. Njia ilifupishwa, washindani wakaizunguka mara nyingi zaidi. Roy alivuliwa ukuu, akapewa koleo la kuzoa theluji chini ya msaidizi wake mwenyewe. Watu dukani waliacha kumsalimia.

Harusi yao ilikuwa imepangwa Jumamosi baada ya kufunga mashindano. Darlene alimtumia ujumbe: "Nimeiahirisha. Usiniulize hadi lini."

Roy akajibu: "Sawa."

Siku ya mwisho, bendera zikishushwa, Roy alimfuata pale kwenye mstari wa kumalizia. Uso ulikuwa umeungua kwa baridi.

— Theluji ya njia imebaki sentimita kumi na moja. Kwenye kona, nane.

— Mashindano yamekwisha, Roy. Hesabu za nini?

— Kuna jingine. Asubuhi nimegonga gari lako nikirudi nyuma na trekta. Taa imevunjika, na mlango umebonyea.

— Mlango gani?

— Wa dereva. Umebonyea vibaya.

Darlene alimtazama sana. Gari lilikuwa nyuma ya ghala. Hakuwa amelifikia tangu asubuhi.

— Nani mwingine alikuona?

— Hakuna.

Darlene akajifuta macho kwa mkono wa koti.

— Mpumbavu wewe. Kesho twende kwa mchungaji tukachague tarehe. Na utaendesha wewe, mlango mbovu ni wako.