Kadi ya Rosette na Sarafu ya Mlangoni

Rosette aliacha kukwangua, lakini mkwaruzo ukaendelea.

Aliinua mkono kutoka kwenye kadi, akautazama. Sarafu ilikuwa imetulia kati ya vidole vyake. Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ileile ya chuma juu ya karatasi, sasa ikitokea karibu na mlango. Jua lilikuwa la utosi, kuku walikuwa wakiparura uani, na mtu akitaka kujidanganya hakosi kisingizio. Rosette alisema ni kuku.

Isitoshe, alikuwa na kubwa zaidi la kuwaza. Chini ya rangi ya kijivu ya kadi ile alikuwa ameona kichwa cha samaki, na mji mzima wa Baraka ulikuwa ukimtafuta samaki huyo. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Njia ya Uvira ilikuwa imefungwa na wenye bunduki, Lulimba hakuendeki, na iliyobaki ikivuka ziwa kwenda Kigoma ilikuwa boti moja tu, ya Alphonse. Huyu Alphonse, mfanyabiashara ambaye hata vita havikumpunguzia kitambi, alikuwa na katoni ya kadi za bahati nasibu ya zamani. Akatangaza kwamba atakayekwangua akapata samaki mzima, atavuka bure na jamaa yake yote. Wengi walipata picha ya sabuni, wakapewa sabuni. Vita ni vita, lakini angalau walioga.

Rosette hakutaka sabuni. Alitaka Nadège, binti yake wa pekee, alale mahali ambapo watoto hawafundishwi kujificha uvunguni. Pupa ikampanda. Kucha zake zilikuwa zimeliwa na chumvi ya ndagala, dagaa anaoanika kila siku, na sarafu zilishapotea nchini tangu fedha ilipoishiwa thamani. Watoto wa Baraka walijua noti chafu tu. Sarafu moja ilikuwa imebaki nyumbani kwake, ya wakati wa Wabelgiji, yenye tundu katikati. Marehemu mama mkwe wake aliifunga kwa uzi wa wavu juu ya mwimo wa mlango. "Ile musiitoshe," ndilo neno alilowaachia, yaani wasiitoe, na hakuongeza la pili. Rosette aliitoa akwangulie tu, kisha airudishe.

Ukingo wake ulikuwa mkali. Kwa furaha ya kuona kichwa, alikandamiza, kadi ikatoboka, na mkia wa samaki ukabanduka ukapeperukia kizingitini. Alipoinama kuuokota, haukuwapo.

Ufukweni, Alphonse aliiinua kadi, akamchungulia Rosette kupitia lile tundu.

"Mama Nadège, hii iko kichwa tu. Mi nilisema samaki muzima."

"Mukia iliruka, papa Alphonse. Si unaona mwenyewe?"

"Naona tundu. Nikikubali tundu, kesho Baraka yote itakuja na matundu. Leta kile kipande, mutapanda. Boti inaondoka kesho muchana."

Jioni ile mkwaruzo uliingia ndani. Willy, mume wake, alidhani ni panya, akahamisha vyungu, akagonga ukuta, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Maana sauti ilitoka ukutani ikapita kwenye meza, ikatoka mezani ikapita kwenye mguu wa kitanda, bila haraka, na ilipopita iliacha harufu ya tope la chini ya ziwa, lile tope ambalo nyavu hulileta mara moja moja na wavuvi hulitupa wakiwa wamegeuza nyuso, na Rosette, aliyeishi na samaki wabichi na wakavu tangu utotoni, alishindwa kuivumilia. Aliogopa. Hakuwa na mahali pa kukimbilia, kwa kuwa nje kulikuwa na wenye bunduki.

Asubuhi alimkuta Nadège ameketi kizingitini. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umejaa unga wa kijivu, na chini ya unga ngozi ilikuwa imelika, nyekundu, kwa umbo lilelile la sehemu ya kukwangua kwenye kadi.

"Nani amekufanya hivi?"

"Ule mama ya ku mulango," Nadège alinong'ona. "Anasema iko natafuta zawadi yake. Ananikwangua polepole." Akafungua ngumi. Ndani kulikuwa na mkia wa samaki, umelowa. "Amesema nikupe."

Rosette alijua kipande kile kimetoka mkononi mwa nani. Asiseme mtu kwamba hakujua. Lakini kutoka upande wa Mboko bunduki zilianza kulia, na mama aliyezibiwa njia zote hachagui mkono unaomfungulia. Alikipokea kile kipande. Alikigandisha kwa bugali laini, akafunga sarafu kwenye pindo la kitenge, akawachukua watu wake mpaka ufukweni.

Alphonse aliitazama kadi, akakuna kidevu. Samaki alikuwa mzima.

"Sawa. Bantu bane, pandeni."

"Tuko batatu," alisema Willy.

"Na ule mama mwenye kushika mutoto mukono?"

Waligeuka. Nadège alikuwa amesimama peke yake, mkono wa kulia umeinuliwa kidogo, vidole vimekunjwa kushika hewa. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye hewa hiyo.

Pulchérie, shangazi yake Willy, alikuwa amekuja kuwaaga. Alikuwa kiongozi wa maombi kanisani, lakini alikulia katika nyumba ile. Alimvuta Rosette pembeni.

"Ulitosha ile franga ya ku mulango?"

Rosette aliitikia kwa kichwa, akishika sarafu kwenye pindo.

"Mungu wangu. Kile kintu kilitoka ndani ya ziwa, hatukukishinda, tulikifungia tu. Na we umepokea kintu ku mukono yake. Kitavuka na ninyi, na kitamumaliza mutoto."

"Tuombe, shangazi."

"Nitaomba. Lakini kuomba hakukatazi kufunga mulango. Mwenye kuitosha ndiye anaifunga tena, kwa mukono yake, yeye iko ndani, mulango imefungwa. Hapo kinabaki na yeye. Akiitosha tena, kinatoka."

Injini ilikuwa imeanza kunguruma. Rosette alimtazama binti yake mara moja tu, maana angetazama mara mbili asingeweza.

"Willy, mushike Nadège. Usimuachilie, hata akilia." Kisha akafungua pindo, akainua sarafu mbele ya ile hewa inayochuruzika. "Zawadi yako iko nyumbani. Njoo."

Mkono wa Nadège ulianguka ubavuni, na harufu ya tope ikamgeukia Rosette. Alikimbia. Nyuma yake, mchangani, nyayo zenye maji, zisizo na mtu, zilimfuata.

Aliingia, akafunga mlango, akaifunga sarafu juu ya mwimo kwa uzi uleule. Kimya. Hata kuku walinyamaza.

Kisha mlango ukagongwa.

"Mama! Nifungulie. Niliruka, nilimutoroka baba."

Mkono wa Rosette ulienda juu kwenye uzi, ukasita. Inaweza kuwa ni kile kitu, kinaigiza sauti. Alitamani kiwe ndicho. Vidole vidogo vikapita chini ya mlango, vya moto, vyenye mchanga, vikitafuta. Alipiga magoti akavishika.

Nyuma yake, ndani ya chumba, mkwaruzo ukaanza.

Basi aliyekuwa nje ni mwanawe kweli.

"Mama, fungua!"

"Rudi kwa baba, mupenzi wangu. Boti inaenda."

"Hapana! Fungua!"

Miguu ya Willy ilikuja mbio. Vidole vilichomolewa mkononi mwake, kimoja kimoja, na kilio kikabebwa kuelekea ziwani. Rosette alilia naye mpaka injini ikanguruma, ikapungua, ikawa mbali.

Harufu ilimsogelea. Kitu chembamba, baridi, kikamgusa begani, kikaanza kukwangua polepole, kwa subira ya mtu mwenye tumaini la kushinda.