Mlinzi wa Mchanga

Hasira za Mama Matofali kwa kawaida zilikuwa za saa nne, jua likishapanda na wateja wakianza kulalamika kwamba matofali hayajakauka. Lakini asubuhi hiyo alianza mapema. Mtoto wa tatu wa Bosi alikuwa amekufa.

Bosi alikuwa mbwa jike wa familia hiyo. Kazi yake ilikuwa kulinda mchanga. Familia ilifyatua matofali ya saruji uani kwao, na katika mtaa ule mchanga usio na mlinzi uliyeyuka. Huyu anachota ndoo, yule anajaza toroli, na asubuhi wote wanakuamkia kwa heshima kama si wao. Kwa hiyo Bosi alifungwa mnyororo kwenye nguzo katikati ya fungu la mchanga. Hapo alilala, hapo alikula, hapo alizaa. Na haja zake zote alizimalizia hapo hapo.

Alikuwa amezaa watoto wanne wazuri. Kisha matumbo yao yakavimba, manyoya yakasimama, wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Sasa alibaki mmoja, mweusi mwenye mguu mmoja mweupe. Chiriku alimwita Soksi.

Chiriku alikuwa binti wa mwisho wa Mama Matofali. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Lakini asubuhi hiyo alikaa kimya juu ya mchanga, Soksi mapajani.

"Mama, na Soksi naye atakufa?"

"Nani kakuambia atakufa? Anayewaua namjua!"

Aliyemjua alikuwa Kisu, muuza nyama wa upande wa pili wa ukuta. Kila jioni Kisu alirusha juu ya ukuta utumbo, mapafu na maini ambayo wateja waliyakataa, na Bosi akala. Tatizo ni kwamba wiki iliyopita Kisu alipita karibu na mchanga, Bosi akamchania suruali. Kisu aliapa mbele za watu, "Huyu mbwa nitamwonyesha!" Kwa Mama Matofali, kesi ilikuwa imekwisha.

"Tulia kwanza, mama Chiriku," alisema mumewe, huku akijikuna mguu kwa ukingo wa koleo. Alikuwa akichanganya saruji na mchanga bila viatu, na miguu ilimwasha tangu mvua zilipoanza. "Labda tumnyweshe huyo aliyebaki mafuta ya taa kidogo."

"Mafuta ya taa ni ya taa!" alifoka mkewe. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka.

Duka la Kisu lilikuwa limejaa wateja. Mama Matofali hakumsalimu mtu.

"Wewe Kisu! Sumu umeipata wapi?"

Kisu aliacha panga lake hewani. "Sumu gani, jirani?"

"Usinijirani! Watoto watatu wa mbwa wangu umewamaliza. Suruali tu, Kisu? Kwa suruali unaua viumbe wasiojua hata kubweka?"

Wateja waliguna. Uso wa Kisu ulibadilika.

"Mimi? Mimi ninayemlisha mbwa wako bure kila siku?" Alivua aproni akaitupa mezani. "Twende kwa daktari wa mifugo sasa hivi! Akiona sumu, nifungwe. Asipoiona, utaniomba radhi hapa hapa, mbele ya wateja wangu."

"Twende! Unadhani nakuogopa?"

Wakaondoka. Kisu mbele, Mama Matofali nyuma yake akiendelea kumpa vidonge vyake, na Chiriku wa mwisho akimkumbatia Soksi.

Daktari wa mifugo alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Aliwaacha wagombane mpaka wakaishiwa pumzi. Kisha akainua mdomo wa Soksi. Ufizi ulikuwa mweupe. Akachukua kinyesi kidogo, akakichanganya na maji ya chumvi, akakiangalia kwa hadubini.

"Sumu haitagi mayai," alisema. "Njoo uone mwenyewe, mama."

Mama Matofali aliinama. Aliona vitu vidogo vya duara, vingi mno.

"Hayo ni mayai ya minyoo," Daktari alieleza. "Mbwa wako ana minyoo. Mingine amewapa watoto wakiwa bado tumboni, mingine kwa maziwa. Minyoo hiyo imejaza matumbo yao na kuwanyonya damu. Ndiyo iliyowaua."

"Sikiliza!" alipiga kelele Kisu. "Sikiliza hiyo!"

"Wewe ngoja," Daktari alimgeukia. "Hayo mapafu na maini unayorusha, unayachemsha?"

"Daktari, yule ni mbwa. Mbwa anapikiwa?"

"Na kwa nini wateja wanayakataa?"

"Mengine yana malengelenge ya maji."

Daktari alivua miwani. Sasa alikuwa amekasirika naye.

"Malengelenge hayo yanaweza kuwa ya tegu! Mbwa akiyala mabichi, tegu wanakua tumboni mwake, halafu mayai yao yanatoka na kinyesi. Mtu akiyameza kwa mikono michafu, malengelenge yale yale yanaota kwenye ini lake. Ini la mtu, bwana! Na wewe unayarusha juu ya ukuta kama maganda ya ndizi!"

Mama Matofali alitaka kucheka, lakini Daktari alikuwa anamtazama Chiriku. Mtoto alikuwa anajikuna mguu.

"Huo mguu una nini?"

"Saruji imemla," alijibu mama yake. "Kwetu ni kawaida. Hata baba yake saruji inamla."

"Kwani mtoto anachanganya saruji?"

"Hapana. Yeye anacheza tu mchangani."

Daktari aliuinua mguu. Kwenye unyayo palikuwa na mstari mwekundu, umejikunja huku na huku.

"Jana mstari huu uliishia wapi?"

"Hapa," alisema Chiriku, akionyesha chini ya kidole. Mdomo wake ulikuwa umeamka. "Leo umefika hapa. Na baba anayo miwili, mmoja ni mrefu, na usiku anajikuna mpaka kitanda kinalia!"

"Saruji haitembei, mama," alisema Daktari. "Huyu ni mtoto wa mnyoo wa mbwa. Anatoka kwenye kinyesi, anakaa kwenye mchanga wenye unyevu, anasubiri ngozi ya mtu ili apenye. Mbwa wako anajisaidia wapi?"

Mawazoni Mama Matofali alirudi uani kwake. Aliiona ile nguzo. Aliuona ule mnyororo aliomfungia Bosi kwa mikono yake mwenyewe. Damu ikamchemka.

"Na kwa nini hakuna aliyetuambia?" alifoka. "Wanakuja mtaani kwetu na vipaza sauti, wanatufundisha kunawa, wanatufundisha chandarua. Hili la mbwa hakuna aliyefungua mdomo! Mwanangu anatembea na minyoo ya mbwa kwenye ngozi, mimi nasema saruji!"

"Una haki ya kukasirika," alisema Daktari. "Mimi nina hasira kukuzidi. Mitaa yote hii iko chini yangu peke yangu, takataka hazizolewi, mbwa wanazurura jalalani. Lakini kupiga kelele hakutoi minyoo. Kaa chini nikueleze."

Akampima Soksi uzito, akampa dawa. Bosi naye angepata yake siku hiyo hiyo. Watoto wa mbwa wapewe dawa kuanzia wiki mbili, wairudie kila wiki mbili mpaka wafike miezi mitatu, na mama yao apewe pamoja nao. Mbwa mkubwa apewe kila miezi mitatu. "Na msikisie kipimo, wala msiwape dawa za watu. Chiriku na baba yake waende zahanati leo."

Jioni ile uani kwa Mama Matofali kulikuwa na pilikapilika. Aling'oa nguzo. Alizoa mchanga wote uliochafuka, akaufukia shimoni.

"Sasa mchanga utaibwa," alinung'unika mumewe.

"Na waibe! Mchanga utachimbwa mwingine. Mguu wa Chiriku nitauchimba wapi?"

Walimjengea Bosi banda kwa matofali yao wenyewe, kando ya mchanga, apate kubweka mwizi akija. Sakafu waliisakafia kwa saruji, ioshwe na ikauke. Kila asubuhi kinyesi kilizolewa kwa koleo la kazi hiyo tu na kufukiwa. Mchanga mpya ulifunikwa turubai. Baba alivaa buti. Chiriku alivaa ndala, akanawa mikono kwa sabuni kila alipomshika Soksi. Kisha Mama Matofali akawakusanya wenzake wenye mbwa, wakaenda ofisi ya mtaa, wakakaa mlangoni mpaka gari la takataka likaja.

Kuomba radhi tu ndiko kulikomshinda. Akipita dukani kwa Kisu, alitazama ng'ambo.

Mstari mguuni kwa Chiriku ulifutika. Soksi alinenepa. Mvua nyingine zilipokuja, Bosi alizaa watano, na watano wote wakakua, matumbo laini, ufizi mwekundu.

Siku moja Kisu alisimama getini.

"Jirani, naomba mmoja."

"Utumbo unauchemsha?"

"Nachemsha. Hata sasa uko jikoni."

"Twende nikaone."

Walipita katikati ya wateja, wengi wao wale wale wa siku ile. Mama Matofali alifunua sufuria nyuma ya duka. Mvuke ukampiga usoni. Utumbo ulikuwa umeiva vizuri. Alirudi mbele ya duka, akasimama.

"Jamani," alisema kwa sauti ile ile ya siku ile. "Kisu hakuua mbwa wangu. Nilimsingizia, namwomba radhi. Waliuawa na minyoo. Ilitoka kwenye uchafu wa uani kwangu. Na huyu naye alikuwa ananirushia maini mabichi yenye tegu!"

"Ungeishia pale kwenye radhi, jirani," alisema Kisu, na duka zima likacheka.

Chiriku aliingia na mtoto wa mbwa kifuani.

"Mjomba Kisu, huyu anameza dawa tena Jumamosi. Usisahau. Nitakuja kukukumbusha."

Akaja kumkumbusha kila siku, mpaka Jumamosi ikafika.