Namba Iliyokuwa Ikikata Simu

Jumapili moja mchana, nyumba ya Ndirangu pale mtaani Jericho ilikuwa imetulia. Wakiuru, mkewe, alikuwa akisukuma chapati, na binti yao Sally alikuwa nje akicheza. Ndirangu, seremala ambaye vitanda vyake vinalaliwa hadi mtaa wa Umoja, alikuwa kitini akipitia taarifa ya benki kwenye simu. Mkopo wa pikapu yake ulikuwa ukingoni na alitaka kujua amebakisha nini.

Ndipo akaona jambo. Kila mwezi kredo, yaani muda wa maongezi wa simu, ilikuwa ikinunuliwa kutoka akaunti yake na kutumwa kwa namba asiyoijua.

Sasa jamani, mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angeuliza benki. Ndirangu akaipigia ile namba. Ikaita mara moja, ikakata. Akapiga tena, ikakata. Akajiambia kwamba mtu asiye na hatia hupokea simu. Na kwa kuwa ni Wakiuru pekee aliyeijua namba ya siri ya akaunti yake, wivu ukampa jibu kabla hajamaliza kufikiri.

“Mama Sally, huyu mwanamume ninayemnunulia kredo ni nani?”

Wakiuru akaitazama namba, akasema haijui, na kwamba kesho asubuhi aende benki aulize. Jibu la busara kabisa. Lakini mwenye wivu ukimpa jibu la busara huona umelipanga. Ndirangu akapaaza sauti, na nyumba za Jericho mnazijua, jirani akikohoa unamwambia pole. Hakuridhika na hilo. Akatoka akaenda kwa jirani yake Wamalwa kumwonyesha ile namba, kisha kwa Apondi, muuza mboga, kumuuliza kama amewahi kuona mwanamume akiingia nyumbani kwake Ndirangu. Jua likizama, mtaa mzima ulijua kwamba mke wa seremala ana hawara. Hakuna aliyekuwa amemwona huyo hawara, lakini tayari kulikuwa na waliojua urefu wake.

Wakiuru hakulia. Alifunga nguo zake na za Sally, akasimama mlangoni.

“Naenda kwa dada yangu Umoja. Siku utakayomjua mwenye hiyo namba, usije kwangu mbio. Rudi kwanza kwa kila mlango ulikolipeleka jina langu, halafu ndio uje.”

Nyumba ikawa baridi. Ndirangu alikula mikate na chai, akakosea vipimo vya kabati la mteja, na bado kiburi hakikumtoka. Alipokwenda benki hatimaye, hakwenda kutafuta ukweli. Alikwenda kutafuta jina la adui yake.

Karani, binti aitwaye Sagal, aliangalia kompyuta kidogo, akamuuliza kwa upole, “Mzee, uko na gari la mkopo?”

Basi akaelezwa. Pikapu yake ilifungwa traka, kile kidude kinachoonyesha gari liko wapi, ili mkopaji asitoroke nalo. Ndani ya kidude kuna laini ya simu, na laini hula kredo. Kikipigiwa hakiongei, kinakata. Makato hayo Ndirangu aliyakubali mwenyewe siku ya kuchukua mkopo, na sahihi yake ilikuwa hapo, aliyoitia bila kusoma.

Kumbe alikuwa akilionea wivu gari lake mwenyewe! Haya, chekeni. Ndirangu akarudi kwenye ile milango. Wamalwa alipoambiwa alicheka hadi akaketi chini. Lakini Apondi hakucheka. Aliendelea kukata sukuma wiki, kisha akasema:

“Baba Sally, mimi nimekuamini. Lakini nilishawaambia wateja wangu, na wao wameambia wengine. Hao utawafikia aje?”

Ndirangu akaaga. Akaenda Umoja na aibu yake. Wakiuru akamuuliza mlangoni kama amemaliza milango yote. Angeweza kudanganya. Akasema ile anayoijua amemaliza, na mingine haijui. Akaomba msamaha, machozi yakimtoka mbele ya shemeji yake.

Wakiuru alirudi nyumbani, kwa sababu mumewe hakumdanganya siku hiyo. Lakini hadi leo akipita sokoni Jericho, wako wanawake wanaoshusha sauti. Ndirangu akiwa naye huzisikia sauti zikishuka, na hajui pa kubisha hodi.

Funzo Kwetu Sote

Ukiona makato usiyoyaelewa kwenye taarifa yako ya benki, nenda kaulize: yamekatwa kwa ajili ya nini, na ni nani aliyeyaruhusu? Ni haki yako kujibiwa, wala si aibu kutojua. Soma kabla ya kutia sahihi. Na kabla hujapata jibu, usimtwike mzigo huo mtu wa nyumbani mwako. Pesa zikikatwa kimakosa, benki inaweza kuzirudisha. Jina la mtu ukilimwaga mtaani ni maji, na maji yakimwagika hayazoleki.