Kitabu cha Yusra na Taa Zilizozimwa

Mbalamwezi ilipowapumzisha wavuvi wa Bangwe, Kigoma, ambao huvuta dagaa kwa taa usiku wa giza, Yusra alikaa kila alasiri barazani kwa jirani yao, Bibi Skolastika, akiandika kitabu. Kilihusu safari ya Bibi, aliyekimbia vita Kongo na kuvuka ziwa akiwa na mjukuu wake mchanga mgongoni. Mjukuu huyo, Angelina, sasa alikuwa rafiki wa Yusra, na hakukumbuka lolote la kwao.

Hakuna aliyempangia Yusra muda. Mwenyewe aliapa, "Giza likirudi, baba akishusha mtumbwi, kitabu kiwe kimekwisha." Baada ya hapo kungekuwa na kazi ya kuanika dagaa tu.

Lakini Bibi alisimulia polepole. Kila walipoukaribia usiku wa kuvuka, alisema, "Hapo tutarudi, Yusra."

Mwezi ukapungua. Yusra akachoka kungoja, akajiandikia: mwezi uliwaka kama mchana, na mawimbi yakang'aa hadi Kigoma.

"Nimemaliza!" alimtambia Angelina. "Na wewe, dagaa mkavu, hukuniamini."

"Haya soma, bingwa wa Bangwe!"

Yusra alipofika kwenye mwezi, Bibi, aliyekuwa akisikiliza, aliinua mkono. "Nani kakwambia kulikuwa na mwezi?"

Yusra aliinama. "Nimetunga, Bibi. Nilitaka kuwahi."

"Tulivuka gizani, boti ya wenye bunduki ikitufuata. Mbele tukaona taa za wavuvi wa huku. Nikajua zitatuonyesha kwa wenye bunduki, tumekwisha. Kumbe wavuvi wametuelewa. Wakazizima, moja baada ya nyingine, dagaa wao wakatawanyika, nasi tukapita. Watu hao umewafuta."

"Mbona hukuniambia, Bibi?" Angelina aliuliza kwa sauti ndogo.

"Neno hilo lilikuwa halijatoka moyoni, mwanangu."

Yusra aliichana karatasi ile. Giza likarudi, na kitabu bado. Akaandika kidogo kidogo, ameketi mchangani, kati ya kugeuza dagaa, Bibi akiwa pembeni yake akisimulia na kuokota taka kwenye dagaa. Kikakamilika siku nyingi baada ya siku aliyoapia.

"Nimechelewa, Bibi," alisema.

Bibi alifikicha dagaa mmoja kiganjani. "Ukianua dagaa wabichi, gunia hujaa upesi, lakini kesho linanuka. Kazi yako ipangie siku, ni vizuri. Ila siku ikifika na ukweli haujafika, ungoje ukweli."

Jioni ile Angelina alikipakata kitabu, akitazama taa zikiwashwa ziwani.

"Ni zile, Bibi?"

"Ndizo."