Kipimo Alichokizima Nanzala

Kila Jumamosi, kabla hata ya kunywa chai, Nanzala alipitia sebuleni kutazama mashine ya kuangulia mayai. Aliishi Yamumbi na shangazi yake, Maximilla, mhadhiri wa kompyuta huko Chepkoilel. Mashine hiyo waliiunda pamoja. Nanzala alitengeneza sanduku, shangazi akaandika kiini, yaani programu kuu inayotawala programu nyingine zote za kompyuta ndogo iliyoongoza joto. Mayai yalikuwa ya jirani yao, Mama Tabby, na vifaranga walikaribia kutoka.

"Kumbukumbu ya kompyuta ni kama nyumba ya kupanga," shangazi alipenda kumweleza. "Kila programu ina chumba chake, na kufuli limo ndani ya kifaa chenyewe. Mashine ikiwashwa, kiini hujaribu makusudi kuingia chumba kilichofungwa. Kikizuiwa, kinajua kufuli ni zima. Kisipozuiwa, kinasimamisha kazi yote."

Jumamosi moja Nanzala aliikuta kompyuta ile imekufa. Shangazi alikuwa ameshaondoka kwenda kusimamia mtihani, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nanzala alichukua kompyuta ya akiba, akaifunga kama alivyofundishwa, akawasha. Maandishi yakatokea: KUFULI HALIFANYI KAZI. NIMESIMAMA.

Alizima, akawasha tena. Maneno yakawa yale yale. Baridi ya Eldoret haikuwa ya mchezo, na mayai yalianza kupoa.

"Si uondoe hicho kipimo cha kufuli?" alisema Lennox, mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa amekuja kutazama. "Kinakuchelewesha bure."

Nanzala alisita. Kisha akafungua tarakilishi ya shangazi, akafuta sehemu ya kipimo, akawasha mashine. Taa ya joto ikawaka. Wakagonganisha viganja kwa furaha.

Furaha haikudumu. Nanzala mwenyewe alikuwa ameandika programu ya kupitisha salamu kwenye kioo cha mashine: KARIBUNI VIFARANGA WA MAMA TABBY WA YAMUMBI. Salamu hiyo ilikuwa ndefu kuliko chumba chake. Kwa kuwa kufuli halikufanya kazi, herufi zilizozidi ziliingia chumba cha jirani, kilichohifadhi kiwango cha joto. Taa ikawaka bila kupumzika. Nanzala alitupia macho kipimajoto, akaona joto limepita kiasi. Alichomoa waya, akafungua mlango wa sanduku, hewa moto ikampiga usoni.

"Sema stima ilipotea," Lennox alinong'ona. "Nani atajua?"

Wakati huo huo Mama Tabby alibisha hodi, na shangazi, aliyerudi kutoka kwenye mtihani, akiwa nyuma yake. Nanzala aliwageukia.

"Shangazi, kiini kilinikataza kuendelea. Nikafuta kipimo. Joto likapanda. Mama, nisamehe, ni mayai yako."

Mama Tabby alishika kiuno, akayatazama mayai. Shangazi hakupoteza muda kugomba. Alirudisha kipimo, akatoa kompyuta nyingine mkobani, akaifunga. Safari hii maandishi yalisema: NIMEZUIWA. KUFULI NI ZIMA. Salamu ndefu ilipojaribu tena kuvuka mpaka, kiini kiliisimamisha papo hapo, na joto likabaki palipotakiwa. Nanzala akaketi kuifupisha.

"Ungenificha ukweli," shangazi alisema, "ningewasha ile ile mbovu tena. Vifaranga wangeungua."

Jumapili, waliporudi kutoka kanisani, sanduku lilikuwa limejaa milio. Mayai machache hayakuanguliwa, lakini mengi yalikuwa yamepasuka. Mama Tabby aliwapokea vifaranga kwenye kikapu, akicheka.

"Huyu mtoto wako ni mkweli, Maximilla," alisema. "Wiki ijayo nitaleta mengine."

Lennox alikuwa amesimama mlangoni, akichora chora sakafu kwa kidole cha mguu. Shangazi alimwita akaribie, akawakalisha wote wawili.

"Kiini hakijitangazi kuwa salama. Hujijaribu kwanza, na kikishindwa, husema kimeshindwa. Nyinyi mlikinyamazisha kwa sababu jibu halikuwapendeza. Ukipimwa ukapata jibu baya, tafuta kilichoharibika ukitengeneze. Usikivunje kipimo. Na ukikosea, sema mapema, kama Nanzala alivyosema, ili tuwahi kurekebisha."

"Nimesikia, Shangazi," Lennox alijibu kwa sauti ya chini, na Nanzala akamsogezea kikombe cha chai.